Moyo wa Mama na Jiwe la Magadi

"Umemuua mama yangu kwa magome yako!"

"Amekufa?"

"Bado."

"Basi punguza kelele, wateja wananikimbia."

Soko zima la Tengeru liligeuka. Hanna alisimama nyuma ya mafungu yake ya mizizi, mikono kiunoni, kanga ya maua mekundu imekazwa kifuani. Mbele yake alitweta Sumari, dresa wa hospitali, mfunga vidonda, kaptura ya kaki imepigwa pasi ikawa na makali, kipimo cha kusikilizia moyo kikining'inia shingoni. Walijuana tangu masika, siku alipokuja kununua ndizi akamwona Hanna, akarudi nyumbani bila ndizi. Tangu hapo alikuwa akimwita malaika. Leo ni muuaji.

Ulikuwa mwaka ule Malkia wa Uingereza alipotawazwa. Daktari Mzungu pale hospitalini alikuwa akijaribu jambo jipya kwa wagonjwa wa moyo waliovimba miguu: wengine dawa peke yake, wengine dawa pamoja na chakula kisicho na chumvi. Mama yake Sumari aliangukia kundi la pili, na miguu ikanywea hadi akavaa viatu vya kanisani. Aliporudi nyumbani, Hanna akampelekea gome la kutia nguvu. Sasa miguu imevimba tena, na mama hawezi kulala chali.

"Gome mlilipikaje?" Hanna aliuliza.

"Kama ulivyotuagiza. Mifupa ya mbuzi, bila chumvi hata chembe! Nilisimama jikoni mwenyewe. Nikatia magadi tu, gome lilainike, na..."

Hakumaliza. Aliokota jiwe la magadi kwenye meza ya Hanna, akalilamba kama ndama.

"Daktari alisema chumvi," alinong'ona. "Nami nikamwambia mama chumvi. Magadi nayo ni chumvi, na hakuna aliyeyataja."

"Na mimi ndiye niliyesema muyatie," Hanna alisema. Sauti ya ugomvi ilikuwa imemwishia. "Mpeleke kwa daktari sasa hivi. Mwambie yote, na gome hili umpe alione. Mpaka atakaposema, mama asilinywe."

Sumari aliondoka mbio. Hakuomba radhi.

Siku nyingine ya soko, mama akiwa amesharudi kutoka hospitali, nyumbani Kimandolu, Hanna alipita kumtazama kabla ya kwenda sokoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, binti yangu. Tazama!" Mama alinyoosha miguu yake, myembamba, mifupa ya kifundo inaonekana. "Sumari, msikilizishe."

Sumari, bila kumtazama usoni, alimvalisha Hanna kile kipimo masikioni. Hanna aliinama, akakiweka kifuani pa mama. Mwanzoni hakusikia kitu. Kisha moyo ukaja, du-dum, du-dum, taratibu, kama mtu anayetwanga peke yake nyumba ya mbali. Mama alijilalia tu, hana habari na kazi inayofanyika kifuani mwake. Miaka yote ile Hanna alikuwa akigawa dawa za moyo, na moyo hakuwahi kuusikia. Machozi yalimtoka, na wala hakuyafuta.

"Unatwanga hivi hata akilala?"

"Hata akilala," Sumari alisema.

"Msikilize na yeye," mama alichokoza.

Hanna alikiweka kipimo kifuani pa Sumari, akashtuka. "Mbona huu unakimbia?"

"Unakukimbilia wewe, mpenzi. Nisamehe. Nioe nikuoe, vyovyote, mradi usiniache."

"Maneno ya dresa hayo. Uliniita muuaji mbele ya soko zima, halafu unanichumbia kitandani kwa mama yako?"

"Unataka nifanyeje?"

"Leo ni siku ya soko."

Sumari alimtazama mama. Mama akamwonyesha mlango. Akamshika Hanna mkono, wakatoka vilevile, kipimo bado kinaning'inia shingoni mwa Hanna.

Walipofika Tengeru Sumari alipanda juu ya sanduku tupu, akapaza sauti ileile ya ugomvi.

"Jamani, sikilizeni! Huyu si muuaji. Tulikosea wote wawili, mimi naye, na mama yangu mzima. Hanna, utakubali nikuoe?"

Soko zima likamgeukia Hanna, hata mbuzi.

"Nimekubali," Hanna alisema. "Sasa shuka, wateja wananikimbia."