Jumamosi za Ilinca

Ilinca alifika kwetu mara ya kwanza Jumamosi moja ya Septemba, mvua ikinyunya, kakumbatia mtungi wa asali ya kwao kama aliyebeba mtoto wa watu. Alikuwa ametoka Romania, mji wa Iași, kuja kusoma mwaka mmoja chuoni Rennes, na huko ndiko alikokutana na mdogo wangu Malo. Sisi ni watu wa pwani ya Bretania, huku kwa Wafaransa. Nyumba yetu ni ya mwisho kijijini. Ukivuka ukuta wa bustani, unakanyaga mchanga.

Mama alimtazama kuanzia juu hadi chini, akaona viatu vyake vya kitambaa vimelowa chapachapa.

"Malo, ndiyo nini hii? Mtoto wa watu unamleta pwani na viatu vya kuchezea dansi?"

"Nilimwambia, Mama. Akanijibu kwao wana theluji, hii mvua yetu ni jasho tu."

"Haya, jasho limefika magotini," Mama akasema, akaenda kumtafutia gambuti zangu za zamani.

Tangu siku ile nikawa namwita wifi. Kwanza kwa utani, baadaye kwa moyo.

Kila Jumamosi asubuhi walipanda treni Rennes, nami nikawapokea kwa gari kwenye kituo kidogo. Halafu hapo ndipo wikendi ilipoanza. Walikula chapati za ngano nyeusi na soseji wakiwa wamesimama gulioni, siagi ikiwachuruzika hadi kwenye viwiko. Waliazima baiskeli wakaenda kutafuta kinu kibovu cha upepo, cha kusagia nafaka, ambacho Malo aliapa anakijua. Wakapotea, wakafukuzwa na bata bukini wa mtu, wakarudi wanacheka hadi hawawezi kueleza. Na maji yalipokupwa, walitembea kwa miguu hadi kwenye kisiwa kidogo kilicho mbele yetu, chenye kikanisa kisicho na paa. Malo alimfundisha kuona vitundu viwili vidogo mchangani, mahali kome anapopumulia. Alipochokoa wa kwanza, Ilinca alipiga kelele hadi shakwe wakaruka wote.

"Kelele zote hizo kwa kome mmoja," Malo akamtania. "Ukipata kumi si tutaitiwa polisi!"

Hivyo ndivyo walivyokuwa. Sijawahi kuwaona watu wawili wakifurahia vitu vidogo kiasi kile.

Mwishoni mwa Februari Ilinca aliugua mafua makali, akalala kwenye kochi letu chini ya mablanketi mawili. Jumapili hiyo Malo alichukua ndoo na reki.

"Nakwenda kukutafutia kome wa supu. Sichelewi. Na usinimalizie siagi."

Ukungu ulishuka nyuma yake. Maji yakajaa. Tulimwita kutoka ukutani hadi sauti zikatukauka.

Walimpata siku ya pili yake, upande wa pili wa kisiwa. Tulimzika siku ya Ijumaa. Ilinca hakulia. Alisimama karibu na Mama, kamshika mkono, anatazama tu upande wa bahari, kama mtu anayemngoja mwenzake aliyechelewa.

Jumamosi iliyofuata alikuja. Hatukumtarajia. Alikuja na mkate, akavaa gambuti, akatoka kwenda mchangani. Mama akasema mwacheni, kila mtu na namna yake ya kuomboleza. Akaja na Jumamosi nyingine. Na nyingine.

Kisha akaanza kurudi amechangamka.

Alirudi mashavu mekundu, ana njaa, ana hadithi. Jioni moja alikuwa anapaka siagi kwenye mkate, akasema, "Leo tumemwona sili. Alikuwa amelala juu ya mwamba kama mzee aliyeshiba."

"Mmemwona na nani?" nikamuuliza.

Akaniangalia kama niliyeuliza swali la kipuuzi. Akaendelea kupaka siagi.

Nilijiambia ni Kifaransa chake, bado kinamchanganya. Lakini wiki iliyofuata, tukiwa tunaosha vyombo, alicheka peke yake. Nikamuuliza kuna nini.

"Nimekumbuka yale meno ya bandia ya babu yenu. Mlivyoyazika mchangani, mkasahau mmeyazika wapi."

Sahani iliniteleza mkononi. Tulikuwa watoto wakati ule. Tulikula kiapo, mimi na Malo, na babu alikufa akiamini paka ndiye aliyeyachukua. Malo asingevunja kiapo kile akiwa hai. Nilimjua.

"Alikwambia lini?" nikanong'ona.

"Jumamosi iliyopita," akasema, akakausha sahani.

Baada ya hapo nilianza kumchunguza. Nywele zake zilikuwa mbichi hata siku zisizo na mvua. Midomo yake ilikuwa imeanza kupauka. Alikula sana na bado alikonda, nguo zikamning'inia. Mwanzoni alikuwa anaishia kwenye mlingoti wa chuma uliosimama katikati ya mchanga. Kisha akaupita mlingoti. Kisha akawa anafika kisiwani. Jumamosi moja ya Aprili, akiwa anafunga zipu ya koti lake, aliniambia kwa sauti ya chini, kwa furaha ambayo sitaisahau:

"Leo hatutarudi. Amesema leo tutalala huko."

Bibi yetu, Mungu amrehemu, alikuwa na neno alilotuwekea watoto wote wa pwani ile. Aliyezama hakai peke yake. Atakuita kwa jina lako, mara tatu. Usiitike. Ukiitika, umekubali. Sisi tulimcheka, tukawa tunaitana hovyo hovyo mchangani kumkasirisha.

Ningemfungia Ilinca mlango. Ningemwita Mama. Sikufanya hivyo, nami nitasema kwa nini: nilimwonea wivu. Yeye alikuwa na mdogo wangu kila Jumamosi. Mimi nilikuwa na kaburi tu.

"Wifi," nikamwambia, "nipeleke na mimi."

Ilikuwa siku ya bamvua, jua linawaka, asubuhi nzuri. Maji yalikuwa yamekwenda mbali. Mchanga ulijaa watu, wazazi na watoto na ndoo zao, mbwa wanakimbizana, mtu anamwita mkewe aje aone kaa. Tukapita katikati yao. Tukafika kwenye mlingoti.

Tukaupita.

Kelele za watu zikafifia nyuma yetu. Hazikufifia polepole kama kawaida ya umbali. Zilikatika, kama redio iliyozimwa.

Ukungu haukutoka baharini. Ulitoka chini, mchangani, ukaanza kutufunika kuanzia miguuni.

Ilinca akaanza kuongea. Aliongea, akanyamaza kidogo, akacheka, akajibu. Alisimulia mtihani wake, chumba chake cha Rennes, mama yake aliyempigia simu. Aliacha nafasi kati ya maneno, nafasi ya mtu mwingine. Nilitega sikio hadi nikaumia. Sikusikia chochote.

Nilitazama kushoto kwake. Hakukuwa na mtu.

Lakini mkono wake wa kushoto ulikuwa umeachana na mwili kidogo, na vidole vilikuwa vimetanuka. Vidole havikai vile vikiwa peke yake. Hukaa vile vikiwa na vya mwingine katikati.

Na madimbwi ya upande ule yalikuwa yanatikisika. Moja baada ya jingine. Kwa mwendo wa kutembea.

"Malo?" nilitaka kusema. Sikusema.

Nilihisi baridi ndani ya gambuti. Nikatazama chini. Maji. Yalikuwa yamekuja kimyakimya, yanazunguka vifundo vyetu. Nikageuka nyuma. Hakuna mlingoti. Hakuna ufuko. Kweupe tu.

"Ilinca. Maji."

"Anasema bado kidogo."

"Ilinca, turudi."

"Tumeshafika, dada. Huoni mlango wa kanisa?"

Mbele yetu hapakuwa na kanisa. Palikuwa na maji, na yalikuwa yanazidi kuwa meusi.

Nikamshika mkono wa kulia. Nikavuta. Hakuja. Ilinca alikuwa mwepesi wakati ule, ungemwinua kwa mkono mmoja. Lakini hakuja. Nilivuta tena, na nikahisi, wazi kabisa, kwamba upande wa pili kuna anayevuta.

Maji yakafika magotini.

Ndipo nikasikia.

"Roro."

Mimi ni Rozenn. Roro ni jina ambalo Malo alinipa alipokuwa anajifunza kuongea, ulimi haujakomaa. Hakuna mwingine aliyewahi kuniita hivyo. Sauti ilikuwa karibu. Haikuwa ya kutisha. Ingekuwa ya kutisha ingekuwa nafuu. Ilikuwa sauti yake.

Nilimkumbatia Ilinca kwa nyuma, mikono yote miwili kifuani pake, nikafungamanisha vidole. Nikaanza kurudi kinyumenyume.

"Roro, nisubiri."

Alikuwa akisema hivyo njiani tukitoka shule, mkoba unamshinda, miguu mifupi. Kila siku nilisimama. Kila siku nilimsubiri.

Niliung'ata ulimi. Nikaonja damu.

Ilinca alifungua mdomo. "Tunaku..." Nikamkandamiza uso kwenye bega langu, neno likafia kwenye koti. Alinipiga mateke. Alinikwaruza. Sikumwachia.

Mara ya tatu haikuwa kuita tu. Alikuwa analia. Alilia kama alivyolia usiku ule alipofiwa na baba yetu, akiwa mtoto, kwa kwikwi zisizo na pumzi.

"Roro. Nisubiri. Roro."

Sikuitika.

Kilio kikakoma.

Kisha kitu cha baridi kikanigusa shingoni.

Nilifumba macho. Kilikuwa kinatembea kooni kwangu, kidogo kidogo, kama kinachotafuta mahali. Nilingoja kukabwa. Nilisikia kitambaa kikivutwa. Nilisikia pumzi isiyo na joto. Kisha hapakuwa na kitu, na uzito wote uliokuwa unamvuta Ilinca ukaachia ghafla, tukaanguka majini mimi na yeye.

Mbali, upande ambao nisingeudhania kabisa, trekta ya wafuga chaza ilikuwa inanguruma. Tuliufuata mngurumo ule, maji yakiwa kiunoni, hadi mkono wa mtu ukatupandisha.

"Mna kichaa nyie?" mwenye trekta akafoka. "Hamjui mwaka huu kijana kafia hapahapa?"

"Ni mdogo wangu," nikamwambia. Akavua kofia. Akatupeleka hadi ufukoni, ambako jua lilikuwa linawaka na watoto walikuwa bado wanachokoa kome.

Tulipofika ukuta wa bustani, Ilinca alikaa chini akalia. Ndiyo mara ya kwanza. Alilia kwa sauti, kwa Kiromania, anapiga ardhi kwa viganja. Nilitaka kumshika, akanitoa mkono.

"Alikuita wewe," akaninong'oneza. "Hakuniita mimi. Alikuita wewe, na wewe ukanyamaza."

Alimaliza mwaka wake Rennes bila kupanda tena treni ya kuja pwani, akarudi kwao Iași. Yu hai, mama yake alinijulisha. Ameanza kunenepa. Mimi hajawahi kuniandikia, na simlaumu.

Siku ile Mama alitupokea mlangoni. Hakuuliza tulikuwa wapi. Alimpeleka Ilinca kwenye maji ya moto, akarudi kwangu jikoni, nikiwa natetemeka mbele ya jiko, vidole vimekufa ganzi. Akaanza kunivua koti, kama alivyotuvua sote tulipokuwa wadogo.

Mkono wake ukasimama kooni kwangu.

"Nani kakushonea hiki?"

Niliinamisha macho. Koti langu lile la sufu lilikuwa limekatika kifungo cha juu tangu majira ya baridi yaanze. Nilitoka asubuhi kola ikiwa wazi. Sasa ilikuwa imefungwa hadi juu, imekazwa vizuri, kama unavyomfunga mtoto anayetoka kwenye upepo. Na kifungo kilichoifunga hakikuwa cha koti langu. Kilikuwa kidogo, cheusi, kinang'aa, kimeshonwa kwa uzi mwekundu. Kilikuwa kinachuruzika maji.

Mikono yangu haikukishika. Mikono yangu yote miwili ilikuwa imemshika Ilinca.

Mama alikikokota kiti akakaa. Aliongea taratibu sana.

"Asubuhi ya mazishi, nilipolitoa kabatini lile koti lake jeusi tulilomzika nalo, nikakuta kifungo kimoja kimelegea. Nikatafuta uzi mweusi nikakosa. Nikashonea huu mwekundu. Nikajisemea, liwalo na liwe, huko aendako nani ataona."

Maji ya kuogea yalisikika yakimwagika ghorofani.

Kisha Mama akasogea, akashika kifungo kile kwa ncha za vidole viwili, kwa upole, kama anayemshika mtu kidevu.

"Alipokufunga," akanong'ona, "mikono yake ilikuwa na baridi?"

Nilimtazama mama yangu usoni.

"Hapana, Mama," nikamwambia. "Ilikuwa na joto."