Nakala Iliyogongwa Muhuri

Rafiki yangu ni karani wa wakili, na dharau anayo tangu shuleni. Siku hiyo alitumwa maktaba kutafuta ukurasa mmoja wa mijadala ya Bunge ya zamani, uliotaja shamba ambalo wateja wao walikuwa karibu kunyang'anywa.

"Kitabu kiko chini, ghalani, na hakiazimwi," alisema mama mkutubi. "Toa nakala hukohuko, kisha uniletee vyote viwili. Nitalinganisha mstari kwa mstari ndipo nigonge muhuri."

"Kazi kweli mnayo, mama," alijibu, akashuka akisonya.

Nakala ilikuwa tayari mkononi taa zilipozimika. Giza totoro. Nyuma ya rafu akasikia viti vikilia, kama watu wengi wanaoketi kwa pamoja. Akadhani ni wafanyakazi, akawatolea uvivu.

"Mnakaa gizani kama popo, na mshahara mnachukua."

Wakacheka. Kilikuwa kicheko kizito cha wanaume wengi, kikakatika ghafla. Taa ziliporudi, nyuma ya rafu hapakuwa na mtu wala kiti.

Alipanda ngazi mbiombio, jeuri imemwisha. Mkutubi akakifungua kile kitabu, kilichopigwa chapa kabla mama yake rafiki yangu hajazaliwa, akaanza kusoma kwa sauti huku kidole kikifuata mistari. Kidole kikafika chini.

"Mgeni: Mnakaa gizani kama popo, na mshahara mnachukua. Kicheko."

Akatazama nakala.

"Sawa, vinalingana," alisema, akagonga muhuri.