Paa Lisilo na Jalidi

Kufuli halikuvunjwa. Kioo hakikupasuka hata kimoja. Lakini hita ya mafuta ya taa haikuwepo, na chungu kimoja cha maua kilikuwa kimetoweka pamoja nayo.

Inspekta Hester Dodds alisimama mlangoni mwa nyumba ya vioo ya kuoteshea maua ya Bibi Edith Charlton, saa mbili na nusu asubuhi, pua imemwiva kwa baridi. Kipimajoto cha ukutani kilisoma nyuzi tano chini ya sifuri. Jalidi ilikuwa imeshuka kijijini Thornhaugh usiku kucha, na viwanja vyote vya bustani vilikuwa vyeupe.

Kituoni walikuwa wamemcheka. Inspekta mzima kwa hita ya kikongwe? Yeye hakucheka. Baba yake alilima liki za mashindano, zile mboga za jamii ya kitunguu, na alijua watu wa Northumberland wanavyoweza kununiana hadi kaburini kwa sababu ya mmea.

"Hicho chungu kilikuwa na nini, mama?"

"Jeraniamu. Marehemu mume wangu, Wilf, aliizalisha mwenyewe. Miaka tisa ya kuchanganya mbegu. Haipo kokote duniani ila humu."

"Hukutoa vipando?"

"Vya mwaka huu vimeoza vyote. Umebaki mmea mama peke yake. Ukipigwa na jalidi usiku mmoja tu, basi. Wilf atakuwa amekwisha kabisa."

Konstebo Pringle, aliyekuwa akinyunyiza unga wa alama za vidole kwenye kitasa, aliinua kichwa.

"Unamshuku nani?" aliuliza.

"Simshuku mtu, namjua. Ridley Hetherington, jirani hapo. Miaka minane hatusemeshani. Alikuwa mwamuzi wa maonyesho ya Agosti, akaipa jeraniamu ya Wilf nafasi ya pili. Wilf akafa Novemba ya mwaka huo huo. Ya pili, mwanangu."

Hester aliinama. Vyungu vilivyobaki vilikuwa vimefunikwa magazeti, kila kimoja tabaka mbili, pembe zimekunjwa vizuri chini ya majani.

"Haya ulifunika wewe?"

"Ya nini? Mimi nina hita." Akasita. "Nilikuwa nayo."

"Mwizi gani huyu," Pringle alisema, "anakuibia halafu anakufunikia?"

"Mwizi anayependa maua," Hester alijibu. "Na ufunguo, mama?"

"Chini ya chungu cha tatu. Tulijua wawili tu, mimi na Wilf."

"Hita ilikuwa haisumbui?"

"Hita ile ina baraka. Tangu Wilf afe sijaugusa utambi wake. Naweka mafuta Jumamosi, inawaka wiki nzima. Moto wa buluu, masizi hakuna."

Hester alipiga hesabu. Utambi usiokatwa haumalizi siku nne kabla ya moto kugeuka njano na masizi kutanda kwenye majani. Baba yake alimzaba kofi moja tu maishani, na lilikuwa la utambi. Tena hakuna hita ndogo inayokesha wiki nzima kwa mafuta ya Jumamosi moja.

Akatoka nje, akayatazama mapaa. Nyumba za vioo kumi na moja, zote nyeupe. Ya kumi na mbili, nyuma ya uzio, ilikuwa imelowa. Maji yalikuwa yakidondoka pembeni mwa paa lake.

"Ile ya nani?"

"Yake huyo huyo Ridley. Lakini hapandi kitu humo tangu mwaka juzi. Nyonga imemharibikia."

"Sasa anapasha joto nini?" Hester aliuliza, na tayari alikuwa anaelekea langoni.

Ridley Hetherington, miaka themanini na mmoja, alifungua mlango akiwa na mkongojo mkononi.

"Jana jioni ulikuwa wapi, mzee?"

"Hapa. Na chai yangu."

"Nyumba yako ya vioo ina nini?"

"Buibui."

"Unawawashia hita buibui?"

Mzee aliegemea mkongojo wake.

"Mapaa ya wenzako yote yana jalidi. Lako linatiririka maji. Utatuonyesha, au nikalete hati ya upekuzi?"

Mzee alimwona Bibi Charlton nyuma ya inspekta, mikono ameikunja kifuani. Akashusha pumzi.

"Piteni jikoni. Mpanguse viatu."

Hita ilikuwa inawaka kule nyuma, moto wa buluu. Kidirisha cha juu kilikuwa kimeachwa wazi upana wa kidole, mvuke upate pa kutokea. Katikati ya meza ilikaa jeraniamu, mbichi, na tumba moja jekundu.

Bibi Charlton alilishika jani.

"Mwizi wee."

"Ndiyo," Ridley alisema. "Nimeichukua mimi. Jana saa kumi na moja jioni, kwa toroli. Hilo toroli ndilo lililonishikilia, bila hivyo nisingefika."

"Kwa nini?" Hester aliuliza.

"Juzi niliteleza kwenye barafu pale njiani. Nikalala chini nusu saa. Nikajua sitaweza tena kwenda kila jioni."

"Kwenda wapi kila jioni?" Bibi Charlton aliuliza.

Mzee aliangalia slipa zake.

"Kukata utambi, Edith. Wewe kukata utambi hujui, hujawahi kujua. Wilf alikuwa anarudi nyuma yako kimyakimya, anaukata. Kule hospitali, karibu na kufa, akaniambia ufunguo uko wapi, akaniapisha nisikwambie, utaona aibu. Basi wewe ukienda zako kunywa chai, mimi naingia. Nakata, naongeza mafuta, natoka. Miaka minane. Jana nilikuwa na nguvu ya safari moja tu, nikaleta hita na ua la Wilf hapa, niukate utambi karibu. Mimea mingine nikaifunika."

"Ungebisha hodi."

"Nikwambie nini? Hukuwa unanisemesha."

Pringle alijikohoza akageukia dirishani. Hester alilifunga daftari lake.

"Mama, unataka kufungua mashtaka?"

Bibi Charlton hakumsikia.

"Na ile nafasi ya pili, Ridley?"

"Vikonyo virefu mno. Hata leo ni virefu."

Bibi Charlton akacheka, kicheko kirefu kilichomtoa machozi. Akatoa kisu kidogo mfukoni mwa aproni, akakata chipukizi moja chini ya kifundo. Kwa miaka yote hiyo hakuwahi kumpa mtu hata jani. Akaliweka chipukizi hilo kwenye kiganja cha mzee.

"Kama virefu, otesha hilo uvifupishe mwenyewe," alisema, akavuta kigoda mbele ya hita. "Haya. Nionyeshe huo utambi unakatwaje."