Bustani ya Kula na Bustani ya Kuuza

Ndugu wanakijiji, wazee, akina mama, nanyi mnaosinzia huko nyuma kama tuko kwenye kipindi cha hesabu: nisikilizeni.

Baba yangu mkubwa, Gerson wa Kwihara, alikuwa na bustani ya kumtia mtu wivu. Mvua zilipoanza kukatika nyanya ziliiva, biringanya ziling'aa, bamia zikasimama wima kama wanafunzi mstarini. Nilipofika likizo kutoka bweni, nilidhani nimeingia peponi bila mtihani.

Lakini bustani zilikuwa mbili. Ya nyuma ya jiko ilikuwa yetu ya kula. Haikuguswa na dawa. Ya kisimani ilikuwa ya kuuza. Hiyo aliipulizia dawa ya tumbaku, ile kali ya kuulia wadudu mashambani, jioni, akavuna alfajiri.

"Baba Martha, dawa hiyo si ya mboga," alisema mama mkubwa Levina.

"Kwani wadudu wanajua tofauti?"

"Na watu je?"

"Watu wa mjini wana matumbo ya lami, Mama Martha. Wanakula chipsi za mafuta meusi na hawafi!"

Nilicheka kuliko wote. Hilo nalo liandikwe.

Wiki ile mbuzi wa jirani waliingia nyuma ya jiko wakala mpaka mashina. Kwa hiyo Martha, binti yao aliyeolewa Ipuli mjini, hakupelekewa kikapu chake cha mboga cha kila wiki. Akaenda sokoni.

"Za Kwihara hizi, za mzee wako mwenyewe," Maua, muuza mboga, alimwambia Martha.

"Basi nipe mafungu mawili. Leo mwanangu anakula jasho la babu yake!"

Nyumbani alibandika sufuria, akakaanga kitunguu, akakata biringanya na bamia. Mwanawe Masolwa, wa miaka mitatu, alimsumbua, naye akampa nyanya mbili mbichi atafune. Hakuziosha. Za babu zingekuwa na nini?

Mchuzi haujaiva, mtoto alianza kutokwa na udenda, akatapika, akatetemeka.

Tulipigiwa simu. Mimi na baba mkubwa tulitangulia kwa pikipiki. Mama mkubwa akatafuta usafiri mwingine. Hospitalini daktari alikuwa akiuliza, "Amekula nini?"

"Nyanya tu, daktari. Za baba yangu huyu."

"Zina dawa?"

"Baba hawezi! Mimi nimekulia bustani ile."

Daktari akamgeukia. "Mzee, niambie. Nijue namtibu nini."

Baba mkubwa alimtazama binti yake, jinsi alivyomwamini. Akasema, "Hazina."

Nami, mwenye mdomo usioshindwa na mwalimu yeyote, nilitazama sakafu.

Ilipita karibu saa nzima wakimtibu kwa kubahatisha. Kisha mama mkubwa Levina aliingia, kanga imemwanguka begani. "Dawa ya tumbaku, daktari! Kazipulizia jana jioni!"

Daktari alikimbilia dawa nyingine. Masolwa alikata roho sindano ikiwa bado mkononi mwa daktari.

Martha hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Baba, alipokuuliza, ulikuwa unajua?"

Mpaka leo hajajibiwa. Hajakanyaga tena Kwihara.

FUNZO

Usimuuzie mwenzako chakula usichothubutu kumpa mjukuu wako. Na ukiulizwa jambo linaloweza kuokoa roho, sema hapohapo, hata kama ni aibu kwako. Hili nawaambia wakubwa, najiambia na mimi. Nilijua alichojua yeye. Nilikuwa na saa nzima ya kusema, nami nikanyamaza.