Mtama Uliogoma Magotini

Kitendawili, mjukuu wangu: nimemnywesha mwanangu awapite wenzake, akagoma magotini. Usinipe mji bado. Tumfuate kwanza Inspekta Tulinagwe wa Tukuyu.

Aliitwa asubuhi kijijini Matwebe. Kwenye ghala la kikundi cha wakulima zimeibwa chupa mbili za dawa ya mtama mtamu, ule unaokamuliwa maji yake yakawa spiriti ya kuendeshea magari. Kufuli zima. Mwenye ufunguo ni mmoja tu, bibi Atupele. Wanachama walikwisha kunong'ona kwamba kaziuza, na mkutano wa mwisho wa mwezi ungemnyang'anya ufunguo.

"Mama, ufunguo hukaa wapi?"

"Kwenye msumari, nyuma ya mlango."

"Wiki hii nani kaingia kwako?"

"Nani hajaingia, mwanangu? Mgeni haondoki kwangu hajala. Nikienda jikoni kumenya ndizi, sebule ni yake."

Inspekta hakucheka. Mama yake kule Kinyala ni hivyo hivyo. Akauliza dawa inafanya nini. Bibi akajinyoosha mgongo, akaeleza kama mwalimu: inazuia mtama usirefuke ovyo, bua linenepe, upepo wa mlimani usililaze. Mwaka jana alianza peke yake, wakamcheka. Kwenye mavuno, mtama wake ndio uliosimama.

"Ukizidisha?"

"Unadumaa."

Inspekta akafunga daftari. Akamwambia konstebo wake, "Tusubiri. Shahidi bado anakua."

Baada ya wiki tatu akarudi na futi kamba. Mtama wa wanachama wengine wote ulikuwa kifuani. Wa mzee Andongwisye, yule fundi wa kucheka wenzake, ulikuwa magotini, vifundo vimebanana kama ngumi. Upekuzi ukazitoa chupa chini ya pumba, kwenye banda la ng'ombe. Alama za vidole zilikuwa zake.

"Ulipima kiasi gani, baba?"

"Kopo la maziwa. Kila pampu."

"Kopo zima?"

"Samadi ukiongeza, shamba linashukuru."

"Hii si samadi."

Akakiri. Ndizi zikimenywa, alichukua ufunguo. Kesho yake akaja kusalimia tena, akaurudisha msumarini. Na siku zote mbili alikula, akamaliza sahani.

"Dawa hiyo mwanachama anapewa bure," Inspekta alisema. "Kwa nini uliiba?"

Mzee alinyoosha mikono, konstebo akamfunga pingu.

Walipita naye kwa Atupele, bibi asikie mwenyewe kwamba jina lake ni safi. Hakupiga kigelegele. Aliingia shambani kwake kichwa juu kama bibi harusi, akakata mabua matatu, akayamenya. La Inspekta, la konstebo, na la mwenye pingu.

"Tafuna," alimwambia. "Kwangu wewe bado mgeni."

Andongwisye alitafuna, maji ya mtama yakamtiririka kidevuni. Akatafuna hadi makapi. Kisha akamgeukia Inspekta.

"Umeniuliza kwa nini. Nilimcheka mbele ya mkutano mzima, nikasema mtama wake ni wa kulishia mbuzi. Mdomo huohuo ungemwombaje dawa? Nilitaka wangu uupite kwanza, ndipo nimwambie kwamba wake ni mtamu."