Tairi Si Kochi

Ilikuwa Jumanne, tarehe 14 Mei 2019, saa moja na dakika arobaini za asubuhi. Ukungu ulikuwa umeishukia barabara kama pamba iliyochambuliwa. Hapakuwa na mvua wala jua, na hata majani hayakutikisika.

Fundi wa makochi alimshika mama yake mkono, akamwongoza kutoka mlangoni hadi garini. Jicho la kulia la mama lilikuwa limefunikwa kwa kitambaa cheupe. Jana yake alikuwa amepasuliwa mtoto wa jicho. Jicho la kushoto lilikuwa limekufa zamani. Leo, saa nne, kitambaa kingefunguliwa hospitalini.

"Kuna kidaraja hapa, mama. Inua mguu."

"Nakijua. Nilikuwa nakifagia kabla hujazaliwa."

Fundi alicheka. Alimketisha kiti cha nyuma, juu ya mito aliyoishona kwa mkono wake. Akamfunga mkanda. Gari zima lilinukia gundi na sponji, kama karakana yake.

"Daktari alisema usitikisike," alisema. "Kwa hiyo jana jioni nilipunguza upepo katika matairi yote. Leo utasafiri kama uliyelala."

"Mungu akuzidishie, mwanangu. Lakini nina ombi moja. Kitambaa kitakapotoka, sura ya kwanza niione yako. Miaka minne sasa naisikia tu."

"Nitakuwepo, mama. Nakuahidi."

Wakaondoka. Kweli gari lilikwenda taratibu, likibembea kama kitanda cha mtoto. Kwenye kona lilichelewa kidogo kuutii usukani, lakini Fundi hakujali. Alijivuna moyoni. Yeye aliyajua makalio ya watu na mahitaji yao. Kitu laini ni kitu kizuri. Hiyo ndiyo iliyokuwa dini ya kazi yake.

"Naona weupe tu," mama alisema polepole.

"Hata mimi, mama. Ni ukungu."

"Basi leo tumekuwa sawa. Dunia nzima imefungwa kitambaa."

Walipofika kwenye kona ya shule ya zamani, kitu kilikatika ndani ya boneti. Taa nyekundu ikawaka mbele ya Fundi. Mshale wa joto ukaanza kupanda. Alizima injini haraka, akalisogeza gari pembeni kwa nguvu ya mwendo uliobaki. Lakini pembeni palikuwa pembamba, kisha mtaro. Nusu ya gari ikabaki barabarani.

Alifungua boneti. Mkanda wa feni ulikuwa umekatika vipande viwili.

Punde pikapu ilitokea mbele yao, taa zake zikiwa kama macho ya paka. Ilisimama. Aliyeshuka alikuwa jirani yake, Muuza Mbao, mtu wa maneno mengi na moyo mwepesi.

"Fundi! Watu unawalaza kwenye makochi, leo umelaza na gari?"

"Acha utani, ndugu yangu. Saa nne mama anafunguliwa jicho."

"Gereji iko hapo mbele, hata kilomita mbili hazifiki. Nitageuza pikapu nikuvute. Una kamba?"

Fundi alitabasamu. Kwenye buti alikuwa na mkanda mpana wa kufumia makochi, ule unaowekwa chini ya sponji. Aliukunja mara mbili, akautia bizimu la chuma la kufungia. "Huu hubeba watu watatu wanene pamoja na masengenyo yao," alisema. "Gari utalishindwa?"

Pikapu ilipogeuzwa, akaufunga kwenye bampa. Akaingia, akashika usukani. Mama alikuwa bado amekaa nyuma.

Muuza Mbao alikanyaga mafuta. Pikapu iliruka mbele. Mkanda ulijivuta, ukawa mwembamba, ukalia kama uzi wa zeze. Kisha ukakatika. Bizimu lilirudi angani na kukipiga kioo cha mbele, mkabala wa uso wa Fundi. Kioo kilichora utando wa buibui.

"Nini hicho?" mama aliuliza.

"Ni jiwe, mama."

"Jiwe haliimbi, mwanangu."

Kabla hajajibu, nyuma yao breki zililia. Gari jeupe lilichomoza katika ukungu, likasimama. Kati yake na kiti cha mama palibaki nafasi ya kupita mbuzi mmoja tu.

Alishuka mwanamke mrefu, mwenye miwani na koti lililopigwa pasi. Alikuwa mwalimu wa udereva. Wanafunzi wake walimbandika jina la Bi Breki, naye alilipokea kama nishani. Fundi alimfahamu. Mtaani wote walimfahamu, na wengi walimkwepa.

Bi Breki hakusalimu. Alifungua mlango wa nyuma.

"Mama, shikamoo. Naomba mkono wako. Tunatoka garini sasa hivi."

"Marahaba, binti. Kuna nini?"

"Kuna ukungu, kuna kona, na kuna wanaume wawili."

Alimpeleka mama upande wa pili wa mtaro, mbali na barabara, akamvika koti lake. Akasogeza gari lake mbele, pembeni penye nafasi. Kisha akatoa pembetatu nyekundu, akatembea nayo nyuma kwa hatua nyingi, mpaka ng'ambo ya kona, akaisimika. Aliporudi, alizungumza kwa sauti ya chini. Sauti hiyo ilitisha kuliko kelele.

"Fundi, gari likiharibika, kazi ya kwanza ni ipi?"

"Kulivuta?"

"Kuonekana. Washa taa za dharura. Weka pembetatu nyuma, mbali, ili anayekuja akuone kabla hajakufikia. Watu watoke, wasimame nje ya barabara. Matairi yangu yangekuwa yamekwisha meno, sasa hivi tungekuwa tunamwokota mama yako."

Fundi alikimbilia garini. Aliwasha taa za dharura.

Bi Breki aliokota kipande cha mkanda. "Hii ndiyo kamba?"

"Ni imara, dada. Hubeba watu watatu."

"Waliokaa! Mkanda huu umeumbwa kwa uzito uliotulia. Gari linalovutwa lina mshtuko. Kamba yake ni hii." Alitoa kwenye buti lake kamba nene, yenye ndoano za chuma pande zote mbili. "Imeandikwa uzito inaoweza kuuvuta, nao umezidi uzito wa gari lako. Wala haifungwi kwenye bampa. Bampa ni urembo, litang'oka. Tafuta pete ya kuvutia. Kila gari limewekewa mahali pake."

Aliinama kuonyesha pete. Hapo macho yake yakaangukia tairi. Alilibonyeza kwa kiatu. Akazunguka gari lote. Kwenye gurudumu la nyuma kushoto alisimama.

"Nani aliyatoa upepo matairi haya?"

"Mimi," Fundi alisema.

Mama aliitikia kutoka ng'ambo ya mtaro. "Alinihurumia mimi, binti. Hakutaka nitikisike."

Bi Breki alivua miwani, akaifuta. Aliposema tena, ukali ulikuwa umepungua, lakini ukweli ulikuwa palepale.

"Huruma yako naiheshimu, Fundi. Lakini tairi si kochi. Kochi limekaa, tairi linakimbia. Tairi lisilo na upepo wa kutosha hujikunja kila linapozunguka. Likijikunja hupata joto. Likipata joto nyuzi zake za ndani hulegea, mwisho hupasuka. Tazama hapa."

Fundi alichuchumaa. Ubavuni mwa tairi palikuwa na uvimbe, kama yai lililofichwa chini ya ngozi. Aliugusa. Alifahamu alama hiyo. Kochi ambalo mikanda yake imekatika ndani hutoa uvimbe uleule.

"Limekatika ndani," alisema kwa sauti ndogo.

"Umesema mwenyewe. Uvimbe hauzibwi. Tairi hilo halitembei tena, hata kwa kuvutwa. Toa la akiba."

Muuza Mbao alianza kukohoa ili asicheke.

"Tairi la akiba…" Fundi alianza kusema. "Liko karakana. Nimelitengeneza stuli."

"Umelifanya nini?"

"Nimelivika velveti nyekundu," Fundi alisema. "Wateja hulikalia."

"Na linapendeza kweli!" Muuza Mbao aliongeza, akaangua kicheko. Hata mama alicheka ng'ambo ya mtaro. Bi Breki alifumba midomo, lakini mabega yake yalitikisika.

Gari la Bi Breki lilikuwa la aina moja na la Fundi. Alilinganisha namba za matairi na matundu ya rimu, akaridhika, akatoa gurudumu lake la akiba.

"Nakukopesha. Narudia: nakukopesha."

Muuza Mbao alileta ubao mpana kuuweka chini ya jeki, maana udongo ulikuwa laini. Wakazuia magurudumu mengine kwa mawe. Walilegeza nati kabla ya kuliinua gari, wakazikaza kwa msalaba, moja kisha iliyo mkabala wake, baada ya kulishusha. Bi Breki aliwaonyesha karatasi iliyobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva.

"Kipimo cha upepo kimeandikwa hapa. Si cha kubonyeza kwa kiganja. Nawaachia geji na pampu ya mguu. Jazeni mengine yafikie kipimo hiki. Gereji yakaguliwe tena yakiwa yamepoa. Yakiwa ya moto, geji husoma zaidi."

"Unatuachia? Unaenda wapi?"

"Nampeleka mama hospitali. Gari linalovutwa halipakii abiria. Na wewe huwezi kuliacha hapa, nusu barabarani, limuue mtoto wa mtu."

Fundi alitazama ng'ambo ya mtaro. Mama yake alisimama wima ndani ya weupe, kama mtu aliyechorwa na kufutwa nusu. "Nilimwahidi," alisema.

"Basi ufike mzima. Sikiliza. Gari lako ni la gia za mkono, nashukuru. La otomatiki lingebebwa juu ya lori. Weka gia huru, shusha breki ya mkono. Ufunguo usiutoe. Uuzungushe bila kuwasha injini, la sivyo usukani utajifunga. Injini ikiwa imezimwa, breki na usukani huwa vizito. Kanyaga mapema, kwa nguvu. Kazi yako kuu ni kuiweka kamba imenyooka. Ikilegea itakatika kama huo mkanda wako. Mzee wa Mbao, ondoka taratibu mpaka kamba ijikaze, ndipo uvute. Mwendo wako ni wa baiskeli. Mtu asisimame karibu na kamba. Katikati yake fungeni kitambaa chekundu."

"Kitambaa ninacho," Fundi alisema. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilipata nguvu. Alikuwa na kipande cha velveti kwenye buti.

"Na msiondoke mpaka muione nguzo ya tatu ya umeme."

Kwa jicho la kawaida hata nguzo ya kwanza haikuonekana.

Gari jeupe liliondoka na mama. Ukungu ukalimeza.

Walijaza matairi. Muuza Mbao alipampu akihema, akiapa kwamba afadhali kupasua magogo. Kisha wakasubiri ng'ambo ya mtaro. Saa ya Fundi ilitembea. Nguzo ya kwanza ilijitokeza, nyembamba kama sindano. Baadaye ya pili.

"Twende," Muuza Mbao alisema. "Chelewa chelewa utamkuta mama si wako."

Fundi alitamani kukubali. Moyo ulikuwa umeshafika hospitali. Lakini aliutazama utando wa buibui kwenye kioo, pale uso wake ulipokuwa.

"Alisema ya tatu."

Nguzo ya tatu ilipotokea, tayari ilikuwa saa nne kasoro dakika ishirini. Alitwaa pembetatu, akaingia garini peke yake, akafunga mkanda. Pikapu ilisogea. Kamba ikainuka kutoka ardhini, taratibu, ikanyooka. Gari likaanza kwenda.

Hapakuwa na sauti ya injini. Alisikia matairi tu yakinong'ona juu ya lami, magumu, yenye uhakika. Mbele yake velveti nyekundu ilielea katika weupe kama ndege asiyepiga mbawa. Kila ilipoanza kushuka aligusa breki kidogo, ikapanda tena. Alihisi anaota, lakini mikono yake ilikuwa macho. Muuza Mbao aliongeza mwendo mara moja. Fundi akapiga honi, naye akapunguza.

Walifika gereji saa nne kasoro dakika tano. Hospitali waliifikia kwa pikapu saa nne na nusu.

Fundi alipita ukumbi akikimbia nusu, akitembea nusu. Chumbani mama alikuwa amekaa kitini. Kitambaa cheupe kilikuwa mezani. Kimeshafunguliwa. Fundi akasimama mlangoni, mikono yake ikaanguka.

"Nimechelewa, mama."

"Ndiye huyo?" muuguzi aliuliza kwa kuchoka. "Nusu saa nzima anakataa kufumbua jicho! Daktari amebembeleza, mimi nimebembeleza."

"Jicho ni langu," mama alisema. "Nitalifungua nikitaka."

Ndipo akalifungua. Alimtazama mwanawe muda mrefu. Alikiona kidevu, akaziona mvi mbili tatu, akaiona grisi kwenye shavu.

"Kumbe umefanana na babako," alisema. "Nenda kanawe."

Wiki mbili zilipita. Fundi alinunua matairi mapya ya nyuma, kwa kuwa la kulia nalo lilikuwa limekwisha meno. Alimpeleka mama dukani. Tairi liliwekwa juu ya benchi, maana mama alikuwa amekatazwa kuinama. Akazisoma namba nne za ubavuni, moja baada ya nyingine, kwa raha ya mtoto wa darasa la kwanza.

"Moja, moja, moja, tisa."

"Limetengenezwa wiki ya kumi na moja, mwaka wa 2019," Fundi alisema. "Ni changa. Tunalichukua."

Stuli ilivuliwa velveti. Tairi lake lilikuwa kuukuu, rimu ikavishwa jipya, ikarudi kwenye buti. Tangu siku ile, kila Jumapili asubuhi kabla gari halijatembea, Fundi hupima matairi yote kwa geji yake mwenyewe, la akiba pia. Huchungulia vituta vidogo vilivyo kati ya meno. Meno yakilingana na vituta, tairi limekwisha.

Jioni moja alibisha hodi kwa Bi Breki. Alibeba kamba iliyooshwa na kukunjwa, pembetatu, geji, pampu, na gurudumu la watu lililosuguliwa mpaka rimu ikang'aa.

Bi Breki alilipima upepo pale pale mlangoni. Lilifika kipimo barabara. Akalitia kwenye buti lake.

"Deni limelipwa," alisema.

"Bado, dada. Nataka nikushonee upya viti vya gari lako. Bure."

"Hapana. Ulikopa gurudumu, umerudisha gurudumu. Viti sikukukopesha." Alifunga buti. "Jumamosi nitakuja karakana kuchagua kitambaa, na nitalipa kama watu wengine."