Mpira Hauzami

"Tupeni marobota yote ya mpira baharini!" aliamuru Ridwan.

Mlango-bahari wa Malaka, 1947. Manowari ya Waholanzi ilikuwa nyuma yao, na risasi zake zilishatoboa paa la motaboti. Injini mbili za Chrysler zilikoroma, lakini mzigo uliwaelemea.

"We jasusi, umechanganyikiwa?" alifoka Nahodha Zubir. "Mzigo huo ndio meli yangu!"

Kweli. Singapore kulikuwa na manowari kuukuu inauzwa, bei yake mpira huu, mwisho leo. Zubir alikuwa na mabaharia, lakini hakuwa na hata mtumbwi wa vita. Akina mama wa kijiji cha Sungai Lontar waligema mpira mwaka mzima bila malipo ili Jamhuri ya Indonesia ipate meli hiyo.

"Mpira unaelea, Nahodha. Tutarudi kuuokota."

Robota la kwanza likatumbukia.

Likazama.

La pili nalo likazama.

Ridwan alichana la tatu kwa kisu. Juu mpira, ndani mawe na matope. Akamgeukia Tengku Rasyad, mkuu wa ugavi, aliyevaa sare nyeupe na kunukia mafuta ya nywele.

"Mpira uko wapi?"

"Kaka, tuongee kiutu uzima. Kila mtu anakula..."

"Ukawauzia Waholanzi njia yetu, mawe yako yasionekane?"

"Wangetufunga tu. Wasingetuua!"

Waholanzi, Ridwan aliwachukia. Huyu alimtia kinyaa. Bastola yake ya Colt ikagusa pua ya bwana mkubwa.

"Uko kwenye boti ya shemeji! Seroja! Inaingia Singapore mchana huu!"

Wakamwaga mawe yote. Boti ikachomoka, ikajichimbia mikokoni, kwenye maji ya kina kifupi ambako manowari isingeweza kufuata. Ridwan akashika redio, akawaita wenzao wa Singapore.

"Kiota, hapa Papa. Kamateni Seroja. Mpira uliomo ni wetu."

"Tumekupata, Papa."

Walisubiri wakiliwa na mbu. Rasyad alilalamikia viatu vyake. Alasiri redio ikakwaruza.

"Papa, muuzaji ameshapokea mpira. Meli ni yetu."

Zubir alilia bila aibu. Kisha akamshika Rasyad ukosi.

"Na huyu? Nimzamishe kama mawe yake?"

"Hapana. Mpeleke Sungai Lontar. Akawaeleze akina mama kwa mdomo wake."

Rasyad alipiga magoti kwenye tope, na sare yake nyeupe.

"Nipige risasi, kaka. Nakusihi."

Ridwan alirudisha Colt kiunoni, akatema mate, akawasha sigara ya karafuu na kwenda zake.